Siku Tano za Kutoswali

Sehemu ya sita

Mhariri amenisomea barua zenu. Mama mmoja wa Kalama anasema mimi ni mnafiki na sistahili hata nafasi hii gazetini. Mzee mmoja wa Mitaboni, kwetu nilikozaliwa, anauliza kama mume wangu alikuwa kipofu. Sina hasira nao. Hasira yangu ilikwenda ikaketi mahali mwaka ule, na mpaka leo haijainuka.

Kwa aliyenikuta leo, nitasema kwa ufupi. Nilizaliwa nikaitwa Kamanthe, nikasilimu nikaitwa Sumayya, nikaolewa na Yahya, fundi cherehani wa hapa Machakos mjini. Mwaka wa tisini na saba mimba yangu ya kwanza ilitoka ikiwa ya miezi minne. Nikapelekwa zahanati moja, nikasafishwa, nikarudi nyumbani. Tangu siku hiyo sikuona hedhi tena, na sikumwambia mtu.

Nyumba ya mama mkwe wangu, Bi Khadija, ilikuwa na desturi yake. Magharibi ikiadhiniwa, wanawake wote wa nyumba tuliswali pamoja sebuleni, yeye katikati ya safu, sisi ubavuni. Asiyeingia safu husema neno moja tu, "Siswali," na kila mtu anajua yuko katika siku zake. Mle ndani hedhi haikuwa siri ya mtu. Bi Khadija alizijua siku za kila mmoja wetu kwa kutazama mswala gani umekunjwa.

Basi miaka saba, mwezi mwandamo ukifika siku ya tatu, nilikunja mswala wangu nikasema, "Siswali." Siku tano. Ya sita naoga, narudi kwenye safu. Ramadhani nilikula mchana jikoni siku tano, na baada ya Idi nikafunga kuzilipa, kama watu.

Kwa nini? Jirani yetu mmoja aliachwa kwa sababu ya kukatikiwa na hedhi, na Bi Khadija akasema mbele yangu, huku akichambua mchicha, "Mwanamke asiyeona siku zake ni kisima kilichofukiwa." Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa nimeacha kanisa la mama yangu na jina la nyanya yangu kuja kuolewa pale. Niliogopa.

Wiki iliyopita niliwaacha katika Shaabani ya mwaka elfu mbili na nne. Bi Khadija alikuwa amekwisha kuzungumza na Mzee Abdille, yule mfanyabiashara wa ng'ombe, juu ya binti yake Fathia. Siku ya tatu ya Idi, Yahya aoe mke wa pili. Yahya akaomba jambo moja: kwanza nipimwe kwa kile kipimo kipya cha Daktari Mwangangi. Kikionyesha kuna tumaini, harusi isimamishwe. Kisipoonyesha, nisifungue kinywa.

Tukaenda, mimi na mama mkwe.

Daktari Mwangangi alikuja Machakos kila Alhamisi kutoka Nairobi, na siku hizo alikuwa na mashine anayoibeba kwenye buti la gari. Alikuwa amenitibu miaka mitatu kwa vidonge vya kukomaza mayai. Kila safari Bi Khadija alinisindikiza, na kila swali alilijibu yeye.

"Siku zake bado zinakuja vizuri?" daktari akauliza, kalamu mkononi.

"Saa ya ukutani hukosea, si huyu," akasema Bi Khadija. "Kila mwandamo, mwezi tatu mpaka mwezi saba. Mimi mwenyewe naziona."

Daktari akaandika. Faili langu lote lilikuwa maneno ya mama mkwe wangu, na maneno ya mama mkwe wangu yalikuwa uongo wangu.

"Hiyo iko sawa," akasema. "Hii kazi tunafanya siku zikishaisha, ndiyo tuone vizuri ndani. Leo ni tarehe ngapi kwa mwezi wenu?"

"Mwezi tisa."

"Basi leo inafaa kabisa."

Bi Khadija akataka kujua kama nitapasuliwa. Daktari akainua kalamu yake akamwonyesha.

"Hakuna kisu, mama. Niko na bomba nyembamba kuliko hii. Mbele iko na taa na kamera. Inapita njia ya kawaida, inaingia mlango wa kizazi, tunaweka maji kidogo ndipo mfuko ufunguke, halafu tunaangalia kwa TV. Kwa vitabu inaitwa histeroskopi. Nusu saa tu, na anarudi nyumbani leo. Atasikia maumivu kidogo, kama yale ya siku zake."

"Hayo ameyazoea," akasema Bi Khadija.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na ukikuta kitu?"

"Kama ni kinyama ama kovu, natoa hapo hapo. Hiyo ndiyo uzuri yake."

Bi Khadija akabaki nje kwenye benchi, tasbihi mkononi. Ndani alikuwapo muuguzi mmoja, Sista Ndunge, Mkamba mwenzangu, mnene, mwenye maneno.

"Mwaitu, legeza miguu," akaniambia, akiniita mama kwa Kikamba chetu. "Daktari atakudunga ganzi kwa mlango wa kizazi. Ukisikia uchungu useme."

"Sisikii kitu," nikasema.

"Ngoja basi. Bado hajadunga."

Akacheka peke yake. Mimi nilikuwa nimesema kweli.

Daktari alikuwa ameniambia kwamba kizazi kikiwa na maji ndani huonekana kama chumba kidogo, kuta zake za waridi, na tundu mbili juu pembeni, kila upande moja, ambamo yai hupita. Nikatazama TV nikitafuta hicho chumba. Sikukiona. Niliona weupe tu, na nyuzi nyuzi nene zimetoka huku zikaenda kule, kama dari ya nyumba iliyofungwa miaka mingi bila kufagiliwa.

Daktari aliinamia TV. Akasogeza bomba kushoto, akasogeza kulia. Maji yalikuwa yakidondoka kwenye ndoo.

"Mama," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini, "mlango wa nje umefungwa. Nani anajua siku zako, wewe ama huyo mama hapo nje?"

Niligeuza macho kwenye TV.

"Siku zako za mwisho uliziona lini?"

"Juzi. Mwezi saba."

"Hapa ninapoona hapawezi kutoa damu. Kuta zimeshikana, karibu zote. Nitauliza mara moja tu tena."

Nikaendelea kutazama TV. Kule kwenye TV hakukuwa na pa kujificha.

"Tisini na saba," nikasema.

"Tisini na saba gani?" akauliza Sista Ndunge.

"Mwaka."

Sista akashika mdomo. Daktari aliinamisha kichwa. Nilidhani atanifokea, na nilikuwa tayari. Hakunifokea.

"Ulisafishwa mwaka huo?"

"Mimba ilitoka. Wakanisafisha."

"Walikwangua sana. Kidonda kikapona vibaya, ukuta ukashika ukuta." Akapumua. "Miaka mitatu nimekupa dawa ya mayai. Mayai yako hayana shida. Nilikuwa napanda mahindi juu ya lami. Ungeniambia hii siku ya kwanza, hii kamera ningeiweka siku ya kwanza."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

"Mama mkwe alikuwa ameketi hapo."

Hakuuliza tena. Alipitisha mkasi mdogo sana kwenye bomba lile lile, akaanza kukata zile nyuzi, moja baada ya nyingine, polepole. Nilitazama kila mkato. Niliona aibu kidogo, kisha aibu nayo ikaniacha. Ilikuwa kama kutazama watu wakisafisha nyumba ya mtu mwingine. Kisha kule juu pembeni, upande wa kulia, ikatokea tundu. Baadaye ya kushoto.

"Ona," akasema Sista Ndunge. "Kumbe chumba kipo."

Daktari alivua glovu, akaja kusimama karibu na kichwa changu.

"Nimefungua. Lakini hizi kuta zinaweza kushikana tena. Utaona matone siku mbili tatu, hiyo ni ya kidonda, usiihesabu. Kunywa hivi vidonge siku thelathini. Ukimaliza, ngoja wiki moja. Damu ikija, mfuko umepona na kuna tumaini ya mtoto. Isipokuja, nimekata bure."

"Jibu ni damu?"

"Damu ndiyo jibu."

Nilivaa polepole nikilifikiria hilo. Jibu langu lingekuwa kitu ambacho nyumba nzima ilijua ninacho kila mwezi.

Nje, Bi Khadija alisimama kabla mlango haujafunguka wote.

"Umeona nini, daktari?"

"Kulikuwa na makovu ya zamani, mama. Nimeyakata. Tungoje mwezi mmoja na kidogo, tutajua."

"Tutajuaje?"

Daktari alinitazama. Mimi nilitazama viatu vyangu.

"Atakuambia yeye mwenyewe," akasema, akarudi ndani.

Tulitembea kwenda nyumbani, yeye ameniwekea mwavuli wake juu ya kichwa kwa sababu ya jua.

"Utaniambia nini?" akaniuliza.

"Kwamba nikishika mimba, nimeshika, mama."

"Hilo hata mimi nalijua." Hakuudhika. Tulipofika alinipikia uji wenye pilipili manga na akakataza mtu yeyote asinitume dukani. Bi Khadija hakuwa mtu mbaya. Mkiniandikia barua, andikeni mkilijua hilo.

Ramadhani ikaandama. Vidonge nilivimeza daku, kila siku kimoja, na nikaweka nadhiri moyoni mwangu. Nilisema, Mola akiifungua hii njia, basi sitampa tena uongo. Mwezi huu sitakula hata siku moja.

Mwezi tatu wa Ramadhani ukafika. Nikaingia kwenye safu. Bi Khadija alinitupia jicho, akaleta takbira. Mwezi nne nikaingia. Mwezi tano. Swabra, wifi yangu, alikuwa amenitengea chapati mbili jikoni mchana kama kawaida yake. Nikamwambia nimefunga. Akanitazama, akaenda.

Mwezi nane, baada ya kutoa salamu, Bi Khadija hakuinuka. Alinishika mkono pale pale juu ya mswala.

"Sumayya, siku zako zimepita."

Nikautazama mkono wake.

"Miaka saba hazikukosea hata mara moja." Machozi yalikuwa yakimtiririka, na sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa mumewe. "Sasa nimejua kwa nini daktari alisema utaniambia mwenyewe. Usiseme. Usije ukapatwa na jicho la watu."

"Mama, sijapima."

"Upime nini, na macho ninayo?"

Ningesema hapo. Nafasi ilikuwapo, tena ya kutosha. Sambusa zilikuwa bado zina moto. Nikasema, "Inshallah."

Uongo wa miaka saba haukumfurahisha mtu yeyote. Nikaacha kusema uongo siku tano tu, na nyumba nzima ikashangilia mtoto. Nilitaka nicheke, nikashindwa.

Kesho yake Yahya aliniita kibandani kwake. Alikuwa ameweka kitambaa juu ya meza ya kukatia, flaneli nyeupe, laini.

"Niliiweka tangu tisini na saba," akasema. "Sikuweza kuiuza. Nikate?"

"Ngoja kidogo."

"Sawa. Tungoje." Akaikunja, akaipapasa. "Nimekwenda kwa Mzee Abdille. Nimemwambia harusi haipo, mke wangu ana mimba."

"Akasemaje?"

"Ameudhika. Amesema mambo haya ya mimba kutokea harusi ikikaribia ameyaona mengi. Amesema atangoja mpaka Idi. Kama ni kweli, atakuja kutupa mkono wa heri. Kama ni uongo, Fathia ataolewa siku ile ile, lakini haingii nyumba yenye mwongo. Mwongo arudishwe kwao kwanza."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nimeapa, Sumayya. Mbele ya watu, msikitini. Nimesema mke wangu hawezi kunidanganya." Alikuwa akitabasamu. "Ningesema nini kingine?"

Hakuna, nikamwambia. Nikamwuliza kama atapenda mahamri au viazi karai kwa futari. Akasema viazi.

Vidonge viliisha mwezi kumi. Nikaanza kuhesabu. Kumi na moja, hakuna kitu. Kumi na mbili. Kumi na tatu tumbo lilinikaza kidogo chini, nikasema ni gesi.

Mwezi kumi na nne, baada ya alasiri, nilikuwa nikikanda unga. Nilisikia kitu. Nikanawa mikono, nikaingia bafuni, nikatia komeo.

Ilikuwa damu. Si matone ya kidonda. Ilikuwa damu yenyewe, ile niliyoijua nikiwa msichana Mitaboni.

Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa nikacheka, mkono mdomoni. Mfuko umepona. Kuna tumaini ya mtoto, ndivyo alivyosema yule daktari. Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ni furaha pekee niliyoisikia mwaka ule, nayo haikudumu muda wa kufunga kanga.

Maana nilisikia sauti sebuleni. Bi Khadija alikuwa amealika watu waje kufuturu na kuniombea dua, na nilikuwa nimesahau. Alikuwapo Swabra. Walikuwapo majirani watatu. Na kwenye kochi kubwa, mkoba magotini, ameketi Mama Murayo, mke wa Mzee Abdille, mama yake Fathia. Yeye hakualikwa. Alikuja kuona kwa macho yake.

"Huyu ndiye?" akauliza nilipotoka.

"Ndiye," akasema Bi Khadija, akanivuta kifuani kwake. "Mwangalie alivyopendeza usoni."

Mama Murayo aliniangalia. Hakuangalia uso.

Nikarudi jikoni kukaanga viazi, na huku nakaanga nikafikiri, kwa utulivu tu, kama mtu anayepanga vyombo. Swaumu yangu imekwisha kukatika, sheria ndivyo isemavyo. Mwenye hedhi haswali. Nikisema siswali, watasikia mimba imetoka, au watasikia haikuwapo kamwe, na Mama Murayo atakwenda na neno hilo kwa mumewe kabla viazi havijapoa. Nikisema damu hii ndiyo habari njema, itanibidi niseme kwa nini, na hapo nitatoa miaka saba yote mbele ya majirani. Nikinyamaza nikaingia kwenye safu, hakuna atakayejua. Ni Mungu tu. Na Yeye nimemdanganya mara nyingi sana, moja zaidi ni nini?

Nilifikiri hivyo hasa. Sijisafishi.

Adhana ikaanza. Tukala tende, tukanywa maji. Hata mimi nilikula tende yangu, taratibu, kama mtu aliyefunga. Wanawake wakavuta ushungi, wakatandika. Bi Khadija akafungua mfuko wa plastiki akatoa mswala mpya, wa kijani, bado una mikunjo ya dukani. Akautandika ubavuni kwake, kulia, mahali ambapo hajawahi kumweka mtu.

"Wa mjukuu wangu," akawaambia. "Mama yake amsafishie njia."

Wakaitikia amina. Safu ikasimama, imeacha nafasi moja. Nyuma ya pazia nilimsikia Yahya akikohoa kwenye korido. Alikuwa amechelewa makusudi kwenda msikitini, asikie dua.

"Sumayya," akaniita Bi Khadija, bila kugeuka. "Njoo, mwanangu. Safu inakungoja wewe."

Nilikuwa mlangoni, bila viatu. Niliutazama ule mswala wa kijani. Nilifikiria ile flaneli ya tangu tisini na saba. Nilifikiria kile chumba kwenye TV, na sista akisema, kumbe kipo.

Nikafungua kinywa.

"Siswali," nikasema.

Miaka saba nililisema neno hilo kwa uongo, na hakuna aliyewahi kunigeukia. Siku hiyo lilikuwa kweli, na safu nzima ikageuka. Wa mwisho kugeuka alikuwa Bi Khadija, na pazia la korido lilikuwa limekwisha kufunguka.